Saumu na Donge la Kununua

Aliyekanda ngano hatoki na sembe.

Hivyo ndivyo shangazi yenu alivyomjibu yule muuza samaki aliyeapa kwamba samaki wake wamevuliwa alfajiri, kumbe kawamwagia maji ya chumvi ili wang'ae. Nyie mkacheka, kisha mkaniuliza sembe imeingiaje kwenye samaki. Kabla sijawajibu, kitendawili!

"Tega!"

Ndugu wawili weupe: ukiwatazama mapacha, ukiwashika si jamaa.

"Meno!"

Meno ni mawili?

"Maziwa na tui!"

Mmeshindwa. Nipeni mji.

"Tumekupa Muheza."

Muheza nimekwenda, nimekula, nimeshiba, na methali yenu nimeikuta huko huko. Jibu la kitendawili mtakutana nalo njiani. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Saumu, mke wa Kombo fundi baiskeli. Nyumba ya kina Kombo ilikuwa na desturi yake: mke mgeni hakabidhiwi jiko. Atakuna nazi, ataosha masufuria, atapepea moto, mpaka bibi wa nyumba aseme, "Haya, leo pika peke yako." Akifaulu, anawekewa ufunguo wa stoo mkononi. Akishindwa, anarudi kwenye mbuzi ya nazi mwaka mwingine.

Saumu alikuwa amekuna nazi miezi saba. Wifi yake, Mishi, alimsimamia kama nyapara. "Wifi, hiyo nazi unaikuna au unaibembeleza?"

Basi siku ikafika. Bibi yake Kombo, Bi Tatu, ambaye macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akamwita. "Mke wa mjukuu wangu, Ijumaa utapika wewe. Nataka kitu ambacho meno yangu haya manne hayajawahi kukutana nacho. Na unga ukande mwenyewe."

Chakula kigeni Saumu alikuwa nacho. Alikiona kwenye simu: unatandaza donge la unga wa ngano kwenye trei, unamwaga juu yake nyama ya kusaga iliyokaangwa na bizari, nyanya na pilipili, unanyunyiza jibini, unaoka. Kazi rahisi. Tatizo lilikuwa kukanda. Saumu alijua mapishi yote ya dunia, lakini chapati zake hata mbuzi walizikwepa. Na yule mpishi wa kwenye simu alisema waziwazi: chukua donge lililo tayari.

Saumu akaona hiyo ni ruhusa. Ijumaa asubuhi akaenda kwa Mama Havijawa, muuza maandazi, akanunua donge, akalifunika kwa kanga na kulibeba kwapani kama kuku wa wizi.

Nyama aliikaanga mpaka majirani wakaanza kukumbuka kwamba wana shida ya chumvi. Makaa akayapalia chini na juu ya mfuniko. Harufu ikatoka, moyo wake ukatulia. Hapo ndipo Mishi alipochungulia jikoni.

"Wifi, mbona umetakata kama unakwenda harusini? Mtu amekanda unga, hata chembe moja kwenye nguo?"

"Nilikuwa mwangalifu," Saumu akasema.

"Haya, mwangalifu." Mishi akaenda zake huku akiguna.

Saumu akajitazama. Kanga safi, mikono safi, kucha zinang'aa. Akafungua debe la unga lililokuwa pembeni, akachota konzi, akajipaka viganjani, akapanda mpaka kwenye viwiko, akajipiga na kidogo puani. Akatoka na trei yake, mweupe kama mzimu.

Watu wakala. Bi Tatu alikula kipande cha kwanza kimya, cha pili akaguna, cha tatu akauliza, "Kinaitwaje hiki?"

"Ni cha Kimeksiko, bibi. Jina lake halitamkiki mbele ya wakwe."

"Basi nipe kingine kisicho na jina."

Alipomaliza, akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo. "Lete mkono, mama."

Saumu akanyoosha mkono. Kombo akatabasamu. Mishi akatazama dari. Bi Tatu akakishika kile kiganja, na vidole vyake vikasimama. Akakisugua taratibu, mara moja, mara ya pili.

"Saumu."

"Abee, bibi."

"Nimekula mkate wa ngano?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeukanda kwa mkono huu?"

"Ndi... ndiyo, bibi."

"Mbona mkono unakwaruza? Ngano ni laini kama poda ya mtoto. Hii ni sembe ya ugali! Mwanangu, umekanda ngano ukatoka na sembe?"

Saumu akalikumbuka lile debe. Ngano ingetoka wapi mle ndani, na yeye hakununua hata kibaba? Miezi saba ya nazi ikampita mbele ya macho.

"Donge nimenunua kwa Mama Havijawa, bibi," akasema, na machozi yakichora mifereji kwenye sembe. "Mimi kukanda siwezi."

"Nyama kaikaanga nani?"

"Mimi."

"Makaa kayapalia nani?"

"Mimi, bibi."

Bi Tatu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, Kombo akamletea maji. "Sasa, mtoto wewe, si ungesema tu? Donge limenunuliwa, utamu haukununuliwa. Kilichotaka kukunyima ufunguo si donge, ni hiyo sembe mkononi. Chukua. Kisha ukanawe, unatisha watu."

Saumu akaupokea. Kesho yake akamkabidhi Mishi mbuzi ya nazi. Lakini Mishi alikuwa ameshaifikisha habari bombani kabla ndoo ya kwanza haijajaa, na kufikia mchana Muheza nzima ilikuwa na methali mpya.

Na wale ndugu wawili weupe sasa mmewajua: ngano na sembe. Kwa hiyo akipita tena yule muuza samaki na viapo vyake na sembe yake ya maji ya chumvi, msimtukane. Mwambieni tu: aliyekanda ngano hatoki na sembe.