Poda ya Bi Kiboko

Wewe hapo, ukitokwa na upele, utajipodoa kwanza ndipo umwonyeshe daktari?

Usicheke. Hapo zamani, wanyama walipokuwa na nyumba, harusi na simu, Bi Kiboko alijipodoa. Bintiye alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama mtu anawashwa mgongo mzima. Kwaru! Kwaru! Alijikuna kwenye nguzo ya baraza mpaka paa likainama.

"Shangazi, nyumba itaanguka kabla ya harusi," alisema jirani yake Kindi, mwenye simu. "Muone Daktari Kinyonga. Nani anajua ngozi kama yeye? Anabadilisha yake kila saa."

"Bei gani?"

"Ukienda mwenyewe, mkungu mzima wa ndizi. Ukituma picha, nusu mkungu. Unanipa mimi, namfikishia."

"Nusu! Piga picha. Ngoja kwanza!"

Puh! Puh! Akajimwagia poda mgongoni, akapaka wanja, akavaa hereni.

"Hiyo simu yako inalainisha ngozi pichani?"

"Inalainisha hata mawe, shangazi."

"Basi lainisha."

Jibu likaja: *Ngozi safi sana. Hongera.*

"Hongera ya nini? Nawashwa!"

Kindi akamenya ndizi, ambayo sijui aliitoa wapi. "Labda picha haikupendeza vya kutosha."

"Eeh? Piga nyingine!" Puh! Puh! Puh!

Nusu mkungu tena. Jibu: *Naomba ruhusa niitundike ukutani.*

Walipotuma ya tatu, mkungu na nusu ulikuwa umekwenda, na upele umefika shingoni. Bi Kiboko akapandwa na hasira, akabeba mkungu mwingine, akavuka mto kwenda mwenyewe. Maji yakaosha poda yote. Kindi akamfuata, maana hakutaka kukosa uhondo kama huo.

"Lo! Upele gani huu!" Jicho moja la Daktari Kinyonga lilitazama mgongo, jingine likatazama ukuta. "Mbona umechelewa hivi?"

"Nimekutumia picha mara tatu!"

"Mimi nimeletewa za huyu tu."

Ukutani palikuwa na kiboko laini kama yai la kuchemsha. Chini yake: NGOZI YENYE AFYA.

"Mzuri huyo!" alisema Swala kwenye foleni, naye kaalikwa harusini kama wanyama wote. "Ndiye bibi harusi?"

Bi Kiboko akajibu haraka: "Ndiye."

"Haya," alisema daktari, "wewe umejipaka nini? Nikikosea dawa, Jumamosi utaingia ukumbini umechunika."

"Maji tu."

"Maji?"

"Ya mtoni."

Kindi akakohoa. Kho! "Shangazi, sema. Mimi nimeshashiba."

Ukimficha daktari upele, matibabu ya bei rahisi ndiyo yatakayokufilisi. Hayo nayasema mimi. Bi Kiboko alijikuna ukutani mara moja, ukuta ukatikisika, picha ikaanguka, pwaa! Akapiga ukelele:

"Ni mimi! Huyo ni mimi! Nimejipaka poda kopo zima, na hata hizo hereni nimeazima!"