Shira Ilipoganda Uani kwa Bi Mwanakheri

"Shira ikiganda haimwagwi, hupunguziwa moto."

Shani na Nuru, wajukuu wa Bi Riziki, waliisikia methali hiyo jirani alipokuwa akiwasuluhisha mume na mke, nao wakarudi nayo nyumbani kama watu waliookota ufunguo wasioujua mlango wake. Nuru alishikilia kwamba imekosewa.

"Kitu kikiganda huongezewa moto, bibi. Hata mafuta ya nazi yakiganda tunayaweka juani. Sasa hii shira inapunguziwaje?"

Bi Riziki akacheka, akawakunjulia mkeka. Alipenda swali lile. Akawaambia kwamba methali hii haikutoka barazani kwa wazee. Ilitoka jikoni, na ilianza hivi.

Kwaru, kwaru, kwaru. Huo ulikuwa mlio wa mbuzi ya kukunia nazi, uani kwa Bi Mwanakheri, jogoo wa kwanza hajawika. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha, na aliyekalia mbuzi hiyo alikuwa Sauda, mke wa mwanawe Bi Mwanakheri, aliyeletwa kutoka milima ya Usambara miezi michache tu kabla ya hapo.

Katika kijiji hicho, mvua ya kwanza ya vuli ina chakula chake. Watu huchemsha muhogo mpya, na juu yake humwagia shira ya tui. Shira hiyo si ile nyeupe ya kuchovyea kaimati. Kwa hii, sukari huwekwa kavu sufuriani, ikayeyuka yenyewe mpaka ikawa nyekundu kama asali, ndipo hutiwa tui zito la nazi. Kila ndugu hupelekewa bakuli lake. Na nyumba yenye bibi arusi mpya, bibi arusi ndiye hupika, peke yake. Haulizi wala haambiwi. Shira yake ikikubali, watu husema mkono wake umeingia nyumbani. Ikikataa, hawasemi kitu, ila huendelea kumwita mgeni.

Sauda alikuwa amechoka kuitwa mgeni.

Kwao milimani hakuna minazi. Kukuna nazi alikujifunzia hapo hapo, kwa vidole vilivyochubuka. Alikamua tui lake kwa maji ya mtungi, nayo yalikuwa baridi kama maji ya mto wa kwao. Kisha akabandika sufuria, akamimina sukari yote iliyokuwamo nyumbani. Mwaka huo sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Ile iliwekwa tangu mwezi wa Ramadhani kwa ajili ya siku hiyo tu. Ikayeyuka vizuri. Ikawa nyekundu, ikaanza kunukia. Sauda akamshukuru Mungu, akainua bakuli la tui, akalimimina lote kwa mpigo.

Shaaaa! Sufuria ikanguruma na kurusha povu. Kisha ikanyamaza. Sauda alipotia upawa akaukuta umesimama wima kama mlingoti. Sukari ilikuwa imeshikana ikawa jiwe chini, na tui likaelea juu, jeupe vile vile.

Alichofanya ni kile ambacho ninyi nyote mngefanya. Akakoleza makaa, akachukua kipepeo, akapepea.

Bi Mwanakheri akatokea mlangoni na kanga yake ya kulalia. Alikuwa mwanamke mwema, lakini ulimi wake ulikuwa unatangulia, yeye anaufuata nyuma.

"Ni nini kinaungua? Haya! Sukari yote! Watu wataamka sasa hivi, mabakuli yamepangwa, tutawapa nini? Mwaga, mwanangu, mwaga, tuseme tumeumwa!"

Sauda akashika masikio ya sufuria, machozi yakimlengalenga. Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya ua wa makuti.

"Msimwage! Na hicho kipepeo kiwekeni chini!"

Bi Mwanakheri akaganda kuliko ile shira. Sauti hiyo ilikuwa ya Bi Tausi, mdogo wake wa tumbo moja. Ua wa makuti ndio uliotenga nyumba zao, na kwa mwaka mzima dada hao walikuwa hawajasemeshana.

Kisa chao kilikuwa bakuli. Vuli iliyopita Bi Mwanakheri alimpelekea mdogo wake shira, na bakuli likarudi limeoshwa, tupu. Nanyi mnajua kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Hutiwa ndimu moja, au chumvi kidogo, au hata jani la mchaichai. Tupu maana yake, usiniletee tena. Bi Mwanakheri hakumwuliza mdogo wake. Alilisema jambo hilo kisimani, akalisema arusini, akalisema hata matangani, na kila alipolisema lilizidi kuwaka.

Sasa akaipata sauti yake. "Bibi arusi haambiwi! Nani anayemsemesha mpishi wangu?"

"Mimi sijasema na mpishi," sauti ikajibu. "Nasema na makuti yangu. Makuti, nimesikia shira ikilia shaaa, halafu kimya. Hiyo imetiwa tui baridi. Nilifanya hivyo hivyo nilipoolewa, na dada yangu alikuwepo, akanicheka wiki nzima."

Sauda akajikuta akitabasamu huku analia.

"Makuti," Bi Tausi akaendelea, "ukipepea, chini itaungua na juu itabaki jiwe. Na tui litakatika. Moto ule mkali wa kwanza ulikuwa wa kuyeyushia sukari. Huu wa sasa ni wa kuipatanisha na tui. Toeni makaa, yanayobaki yafukieni kwa jivu. Kisha kaeni. Msikoroge kwa hasira. Mtaiona inakuja yenyewe."

Sauda akamtazama mama mkwe wake. Bi Mwanakheri alitazama makuti, akatazama sufuria. Kisha yeye mwenyewe akachukua koleo, akaanza kutoa makaa moja moja.

Wakakaa. Kungoja huko hakukuwa rahisi. Nje kulianza kupambazuka, watu wakasikika wakijibizana salamu, na sufuria ilikuwa kimya. Bi Mwanakheri alinyoosha mkono kushika kipepeo mara nyingi, na kila mara Sauda alikisogeza mbali kidogo, kwa adabu. Halafu ukingoni mwa lile jiwe ukatoka uzi mwekundu, ukaingia ndani ya tui. Ukafuata mwingine. Tui likabadilika rangi, upawa ukalegea, ukainama, ukalala ubavuni mwa sufuria.

"Makuti," Bi Mwanakheri akasema polepole, "muulize huyo aliyeko huko. Kwa nini bakuli langu lilirudi tupu?"

Ng'ambo, mtu akasogea karibu na ua.

"Nilikuwa nimetoka eda," Bi Tausi akajibu, safari hii hakuyataja makuti. "Nyumbani hakukuwa na kitu, dada. Nilitafuta hata chumvi nikaikosa. Nikaona haya kusema."

Bi Mwanakheri akaweka koleo chini. "Huna chumvi," akanong'ona, "na mimi niko hapa nyuma ya makuti."

Hakusubiri zaidi. Alimwambia Sauda ateke shira kwa bakuli lile lile la mwaka jana, na wa kwanza kupelekewa awe mama mdogo. Walizunguka ua wote wawili, Sauda mbele na bakuli, Bi Mwanakheri nyuma na pakiti ya chumvi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Bi Tausi alionja kwa kidole, akafumba macho.

"Huyu si mgeni tena," akasema. "Mkono umeingia."

Dada hao walishikana mikono, wakalia kidogo, wakachekana sana. Shira ilipokwisha, Bi Tausi aliliosha bakuli, akaanza kuzungusha macho akitafuta cha kutia ndani. Bi Mwanakheri akalifunika kwa kiganja chake.

"Liache hapa. Nataka niwe na sababu ya kurudi."

Nje, walipokuwa wakivaa ndala zao, alimgeukia mkwewe. "Mwanangu, mimi ningeimwaga sufuria, na ndugu nilikwisha kummwaga. Kumbe shira ikiganda haimwagwi, hupunguziwa moto."

Nuru, aliyebishana tangu mwanzo, akairudia methali yote kwa sauti ndogo, na safari hii hakuona kilichokosewa. Shani alitaka kujua Bi Tausi alisema nini walipokuwa wakiondoka.

Bi Tausi, alisema bibi yao, alitoa kichwa nje akawapigia kelele: "Kesho mje kulifuata bakuli! Na msimtume mtu. Mje wenyewe!"