Punda Aliyesimama Kila Mlango

Hadithi hii nimeletewa na jirani yangu, naye aliletewa na mkwewe, na mkwewe hakumbuki aliipata wapi. Mimi sitaki kuonekana mchoyo. Isome, ucheke, halafu mpelekee mtu yeyote anayefuga punda, na hasa yule anayempiga.

Palikuwa na mji uliojengwa juu ya kilima, na kisima chake kilikuwa chini bondeni. Wazee walioujenga walikuwa na akili nyingi za vita na chache za maji. Basi maji yote ya mji ule, ya kunywa, ya kupikia na ya kunawisha watoto uso, yalipanda mlima mgongoni mwa punda.

Mfalme wa mji huo aliitwa Shekuwe. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mpenda kuoga tu. Alioga asubuhi, akaoga adhuhuri, na jioni alioga huku akiimba, hata wapita njia chini ya dirisha wakawa wanamkumbusha ubeti aliousahau. Maji yenyewe yalitoka wapi, hakuwahi kuuliza. Aliukuta mtungi umejaa, basi.

Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka mbali, Bwana Mselem, na msafara wa punda wenye vidonda mgongoni vya kutia huruma. Akapiga goti mbele ya mfalme.

"Mfalme wangu, huko nitokako ngozi ya punda inatafutwa kama lulu. Nipe punda wa mji huu niwachinje, nami nitakujengea birika la kuogea, la marumaru tupu, kubwa, ujitose mzima mzima na upige mbizi."

Mfalme alilisikia neno "kuogea", mengine hayakumfikia. Akakubali. Askari wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya punda, wakawafungia katika boma la Bwana Mselem, nyuma ya kasri. Watu walilia, lakini kila mmoja alilia ndani kwake na mlango kaufunga, akidhani majirani wameridhika.

Aliyegoma ni mmoja tu, Bi Zamoyoni, mjane mchota maji aliyekaa bondeni karibu na kisima. Punda wake alikuwa mzee mwenye sikio lililopasuka, jina lake Shemeji. Alipewa jina hilo kwa sababu hafukuziki: akishafika mlangoni kwa mtu amefika, mpaka ale.

Bi Zamoyoni akampandisha mlima, akamfunga kwenye lango la kasri, akaingia kwa mfalme.

"Mfalme wangu, punda huyu amenilelea wanangu. Mume wangu alipofariki, huyu ndiye aliyebaki kuwa mwanamume wa nyumba. Ukimchinja nitakula nini, na nitazungumza na nani?"

Bwana Mselem akacheka. "Bibi, usimchoshe mfalme. Punda ni ngozi inayotembea. Hamjui mtu, wala hakuna mtu anayemjua. Hukuwasikia wahenga? Asante ya punda ni mateke. Wangu mimi wamenipiga mateke miaka yote."

"Na wewe umewapiga nini?" akauliza Bi Zamoyoni.

Mfalme akakuna ndevu. Baada ya kuoga, kitu cha pili alichokipenda duniani ni mashindano. Akasema, "Basi tuone nani mkweli. Kama punda hajuani na mtu, hakuna kitakachomchelewesha njiani. Bwana Mselem, kesho jua likichomoza mchukue punda huyu kisimani, umpitishe njia yake ya kila siku mpaka bomani kwako. Ukifika kabla ya ngoma ya adhuhuri, punda wote ni wako. Ngoma ikikukuta njiani, wote warudi kwao."

Bwana Mselem akachungulia langoni, akaliona lile sikio lililopasuka na yale macho ya usingizi. Njia yenyewe hata bibi kizee angeimaliza kabla uji haujapoa.

"Nimekubali," akasema.

"Nami nina neno moja," akasema Bi Zamoyoni. "Tangu nimfuge hajapigwa fimbo. Asipigwe kesho."

"Hakuna fimbo," mfalme akaamua.

Hapa lazima nikueleze desturi ya mji ule, maana Bwana Mselem hakuijua. Unajua mgeni mwenye adabu haondoki tu kwa watu. Huomba ruhusa, na mwenyeji humpa. Wale watu walifanya hivyo hata kwa punda. Aliyeletewa maji alimpa punda alichonacho, maganda ya ndizi au konzi ya pumba, akampapasa kipajini, kisha akamwambia, "Ruhusa." Punda wa mji ule hakuondoka mlangoni kabla hajalisikia neno hilo, hata mvua inyeshe. Na mfalme mwenyewe ndiye aliyesema, njia yake ya kila siku.

Kulipokucha Bwana Mselem akashika kamba, punda hana hata mtungi mmoja mgongoni, wakaanza kupanda. Shemeji alikwenda vizuri kabisa mpaka mlango wa kwanza. Hapo akasimama. Bwana Mselem akavuta kamba. Shemeji akamtazama kama anayemwonea huruma.

Mlango ukafunguliwa, akatoka Mashavu, mama kijana mwenye mtoto kiunoni na mtungi mtupu mkononi. "Shemeji! Umekuja! Karibu, karibu sana!"

"Nimekaribia," akajibu Bwana Mselem, akajipangusa vumbi. Lakini yule mama alimpita, akamkumbatia punda shingoni.

"Bibi, mimi nina haraka. Hebu mwambie aondoke."

"Aondoke hajala? Haijatokea hapa." Mashavu akaingia ndani kutafuta maganda ya ndizi, na siku ile maganda yalikuwa magumu kuonekana. Aliporudi akasema, "Siku nilipomzaa huyu mwanangu, Shemeji ndiye aliyembeba mkunga akampandisha mlima. Nawe umekuja naye, kwa hiyo ni mgeni wetu. Keti unywe kahawa."

Mtu aliyelelewa hakatai kahawa ya watu. Akaketi, akanywa, akala na kashata. Ndipo Mashavu alipompapasa Shemeji kipajini. "Ruhusa." Kisha akafunga mlango wake, akamfuata nyuma.

Mlango wa pili ukawa vivyo hivyo, na wa tatu wakamlisha mandazi. Kila nyumba walikuwa na habari ya Shemeji. Hapa alimbeba babu aliyevunjika mguu, pale aliwafundisha watoto kutembea, wamemshika mkia. Na kila nyumba walimfuata. Wale waliolia peke yao ndani wakatazamana, wakaona kumbe macho ya kila mtu ni mekundu. Ajabu ni kwamba wakaanza kucheka. Hakuna kitu kinachochekesha kama kugundua kwamba nyote mlikuwa mnafichana jambo moja.

Jua likapanda. Bwana Mselem akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa ameficha fimbo ndani ya joho lake, na walipofika kwa Bi Kidawa, kikongwe asiyeona vizuri, akaichomoa taratibu na kuinyanyua juu ya mgongo wa Shemeji.

Bi Kidawa akanyoosha mkono, akaidaka.

"Mungu akubariki, mwanangu! Tangu juzi natafuta kijiti cha kuegemezea mlango wa banda la kuku." Akaenda nayo. Aliporudi alikuwa na sahani ya wali wa nazi, na mtu haruhusiwi kuacha hata punje mbele ya kikongwe.

Kufikia hapo nyuma ya Shemeji kulikuwa na nusu ya mji, vigelegele na ngoma mbili. Mtu aliyeingia mjini saa hiyo angedhani anasindikizwa bwana harusi. Bi Zamoyoni peke yake ndiye ambaye hakupiga kigelegele. Alitembea nyuma kabisa, ameuma ncha ya kanga yake.

Huko kasrini mfalme alikuwa akijitayarisha kwenda kuamua mashindano. Hawezi kuamua jambo bila kuoga. Akajipaka sabuni kuanzia utosini hadi nyayoni, akaanza kuimba, akaingiza kata mtungini. Kata ikagonga chini, ko!

"Maji!" akaita.

"Hakuna, Mfalme wangu," mtumishi akajibu kwa mbali. "Leo hayajaletwa."

Povu likamwingia machoni. Mfalme akajifunga shuka, akashika ukuta na kwenda kwa kupapasa hadi mlango wa jikoni.

Na mlango wa jikoni wa kasri ndio uliokuwa wa mwisho katika njia ya Shemeji. Alikuwa amesimama pale, na mbele yake mpishi wa mfalme, Mzee Jongo, amekunja mikono. Bwana Mselem, tumbo limemjaa kama ngoma, alikuwa akimsihi.

"Mzee wangu, nakuomba. Boma langu lile pale, naliona. Sema ruhusa."

"Siwezi," akasema Mzee Jongo. "Miaka yote nimempa ruhusa akateke maji. Leo anakwenda kuchinjwa. Neno hilo na aliseme aliyemuuza."

Mlango ukafunguliwa. Mfalme akatokea, kichwa cheupe kwa povu, shuka kalishika kwa mkono mmoja. Watu waliuma midomo wasicheke, na wengine walishindwa.

"Maji yangu yako wapi?"

"Mfalme wangu," akasema Mzee Jongo, "anayekuletea ndiye huyu hapa mbele yako. Wenzake wako bomani wanangoja kisu."

Mfalme akalazimisha jicho moja kufunguka. "Huyu? Huyu ndiye anayeleta maji ninayooga?"

"Siku zote."

Mfalme akageuza uso wenye povu. "Na lile birika langu la marumaru, Bwana Mselem, lingejazwa na nani?"

Mzee Jongo akamtazama Bwana Mselem, na Bwana Mselem akatazama viatu vyake. Hapo hapo ngoma ya adhuhuri ikalia.

Hakuna aliyeshangilia. Ahadi ni ahadi, lakini mfalme naye ni mfalme, na akitaka kubadili neno lake nani atamzuia?

Mfalme akanyoosha mkono wenye povu, akauweka kipajini pa Shemeji. Shemeji akapiga chafya.

"Miaka yote hii naoga na kuimba," mfalme akasema, "na sijakuambia asante hata siku moja. Ruhusa, Shemeji. Kisimani, si machinjioni. Na wenzako wote wafunguliwe. Ila fanyeni upesi, macho yananiwasha!"

Mji ukalipuka kwa shangwe. Bi Zamoyoni akakaa chini palepale, akalia na kucheka kwa pamoja. Boma likafunguliwa, punda wakatoka wakilia kwa furaha, kila mmoja akaelekea mlango wake bila kuongozwa.

Shemeji tu ndiye ambaye hakuondoka.

"Mbona haendi?" mfalme akauliza. "Si nimempa ruhusa?"

Mzee Jongo akamnong'oneza, "Mfalme wangu, hujampa kitu ale."

Mfalme akaingia jikoni akipapasa, akatoka na mkate wa chakula chake mwenyewe. Shemeji akautafuna wote, bila haraka. Kisha akageuka kuteremka.

"Nawe, Bwana Mselem," akasema mfalme, "Shemeji ni mzee na mimi nina sabuni machoni. Beba mitungi miwili umsaidie."

Bwana Mselem akateremka naye kisimani, akapanda na mitungi mabegani, akihema. Kwa kuwa alifuatana na Shemeji, ikabidi asimame kila mlango. Mashavu akampa ndizi, akampapasa kipajini, akasema, "Ruhusa." Watu wakaangua kicheko, naye mwenyewe akacheka. Lakini alipofika kwa Bi Kidawa alikuwa akitokwa na machozi.

"Bibi, nimebeba mizigo tangu ujana wangu, na sijawahi kuambiwa asante."

"Pole, mwanangu," akasema kikongwe. "Na wewe umewahi kumwambia nani?"

Bwana Mselem alipokwisha kumfikishia mfalme maji yake, alikwenda kwa punda wake wenye vidonda, akawaosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akawapa pumba. Kisha akamwendea yule aliyempiga mateke kuliko wote, akafumba macho, akamwekea mkono kipajini na kungoja teke. Teke halikuja. Punda aliegemeza kichwa kifuani pake, akatulia.

Tangu siku hiyo hakuna punda aliyechinjwa katika mji ule, na aliyempiga punda alibebeshwa mzigo wa punda huyo kutwa nzima, mlango kwa mlango. Mfalme aliendelea kuoga na kuimba, ila kila asubuhi alikwenda kwanza mlango wa jikoni na mkate mkononi. Na Bi Zamoyoni akapata la kulalamikia: Shemeji amenenepa kwa mikate ya kasri, na sasa mlima unamshinda.

Funzo: Kabla hujasema asante ya punda ni mateke, jiulize wewe ulimpa asante gani. Aliyekubebea mzigo maisha yake yote anastahili kuzeekea mlangoni kwako, si kuishia kuwa ngozi.