Jiwe la Mlangoni na Ngoma Inayoanza Polepole

Enzi hizo, kabla nyumba yoyote ya Kirumbi haijajua jiwe la mlangoni, sakafu ya ndani na ua wa nje vilikuwa sawasawa, na mtu alitoka kwake bila kuinua mguu. Ngoma ya harusi nayo ilikuwa na mwendo mmoja tu, wa kuruka. Ilianza bondeni kijitoni kwa kuruka, ikapanda mlima kwa kuruka, ikaingia uani kwa bwana harusi watu wangali wanaruka. Aliyeiongoza alikuwa mama wa bibi harusi. Sharti lilikuwa gumu: mama akikwama njiani, msafara wote uligeuka nyuma, na harusi ikangoja mavuno mengine.

Wakati huo aliishi Mghoi, msukaji wa vikapu, mama wa binti mmoja tu aliyeitwa Wawuda. Katika usichana wake Mghoi alikuwa mrukaji ambaye watu waliacha uji upoe ili wamtazame. Lakini miaka ilikuwa imepita. Alishinda kitako tangu asubuhi hadi jua kuchwa, vidole vikikimbia huku miguu imelala. Basi posa ya Wawuda ilipokuja kutoka kilele cha mlima, nyumbani kwa Saru, mama wa kijana, na wazee wakakubaliana kwamba harusi iwe baada ya mavuno ya mtama, miezi minne na nusu mbele, furaha ilimpanda Mghoi hadi kichwani. Siku hiyo hiyo alijifunga kanga kiunoni, akashuka kijitoni, akapanda mlima akiruka. Kesho yake akapanda mara mbili. Siku ya tatu, mara tatu.

Siku ya saba aliamka, akaweka mguu wa kulia chini, akapiga ukelele. Alihisi mwiba nyuma ya kifundo, katika ule ukano mnene unaoshuka kutoka shavu la mguu hadi kisiginoni. Alitembea uani kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Ajabu ni kwamba jua lilipopanda na mguu ulipopata joto, maumivu yalinyamaza. Mghoi akacheka, akasema, "Kumbe ni uvivu wa asubuhi tu!" Akaenda kuruka. Asubuhi iliyofuata mwiba ulikuwa umekuwa msumari, na ukano umevimba kama umemeza punje ya kunde.

Hapo kila jirani akawa tabibu. Mmoja alimkanda kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka. Mwingine alimfunga majani ya moto. Wa tatu, ambaye hakosekani katika kijiji chochote, alimnong'oneza kwamba Saru ndiye aliyemtupia jicho, kwa sababu hataki mkwe kutoka bondeni. Mghoi hakuamini, ila neno lile lilimkaa moyoni. Mwishowe aliamua kulala. Mwezi mzima hakukanyagia mguu ule. Wawuda alimletea chakula na maji pale pale mkekani. Maumivu yakaisha kabisa. Akainuka kwa shangwe, akaruka mara moja tu, na mwiba ukarudi pale pale. Akautazama mguu wake: shavu lake lilikuwa limenyauka, dogo kuliko la mguu wa pili.

Jioni hiyo alimwita binti yake. "Mwanangu, tuma neno huko juu. Waambie wangoje mwaka kesho."

Wawuda hakulia. Alikwenda tu kukaa nyuma ya ghala, na mama yake, aliyemzaa, alijua maana yake.

Neno likafika juu, na aliyeshuka siku ya pili hakuwa mjumbe. Alikuwa Saru mwenyewe, mwanamke mrefu wa kusema kwa sauti, na nyuma yake wanawe wawili wakibingirisha jiwe pana lenye ukingo ulionyooka. Mghoi alimkaribisha kwa adabu, lakini uso wake haukufunguka.

"Mkwe wangu," Saru akasema kabla hata ya kuketi, "nimesikia nimekuloga."

Saru akageuka, akainua kanga kidogo, akamwonyesha nyuma ya kifundo chake. Ukano wake ulikuwa mnene kuliko kawaida, kama kamba iliyofungwa fundo zamani.

"Basi nilianza kwa kujiloga mwenyewe," akasema. "Nilipomwoza kijana wangu wa kwanza niliruka siku kumi mfululizo kwa furaha, nikalemaa. Nilikuja kupona nikijenga matuta ya mawe shambani. Siku nilizoshuka tuta polepole na mzigo, mguu ulitulia. Siku nilizorukaruka, ulinguruma. Nikauchunguza kama mtu anavyomchunguza ng'ombe mkaidi, mpaka nikaujua."

Mghoi akaangua kicheko, na kicheko kikaondoa kila kitu alichokuwa amekibana kifuani.

Saru alimlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda. Alimfinya shavu la mguu, na unyayo ukaitikia kwa kuinama. "Vizuri, haujakatika. Ungekatika, unyayo ungekaa kimya." Kisha akabonyeza kwa vidole mpaka akapata palipouma, vidole viwili au vitatu juu ya mfupa wa kisigino. "Ni hapa. Ungeumia chini kabisa, pale unaposhikana na mfupa, nisingekuruhusu kushusha kisigino chini ya ukingo. Lakini wewe unaweza."

Jiwe likawekwa mlangoni. Saru akamsimamisha ukingoni kwa nusu ya mbele ya unyayo, mkono mmoja ukishika mwimo wa mlango. Ajiinue kwa miguu yote miwili, ahamishie uzito kwenye mguu mbovu, kisha akishushe kisigino taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia. Mara kumi na tano, apumzike, arudie, apumzike, arudie tena. Asubuhi hivyo, na alasiri hivyo. Ndani ya kiatu cha ngozi cha Mghoi, Saru alikunja kipande cha ngozi akakiweka chini ya kisigino.

"Mguu utaniuma?" Mghoi akauliza.

"Utakuuma kidogo, na hicho kidogo kivumilie. Hakimu wako ni asubuhi. Ukiamka mguu umekaza kuliko jana, jua ulizidisha, punguza. Ukiamka uko vile vile, endelea. Na usilale tena mwezi mzima! Ukano huu ukiachwa bila kazi unasahau kazi."

"Kwa siku ngapi?"

"Miezi mitatu."

"Miezi mitatu ndiyo iliyobaki!"

"Basi tusipoteze asubuhi hii."

Mwezi wa kwanza Mghoi aliona kama hapati kitu. Wa pili, alianza kutoka kitandani bila kushika ukuta, akabeba kikapu chenye mawe mgongoni akishusha visigino. Siku moja alisikia ngoma ng'ambo ya bonde, akajisahau akaruka, na kwa siku nne alirudia mwendo wa kuku. Wawuda alimficha kanga ya kuchezea. Mwezi wa tatu ulipoandama alikuwa anashusha visigino kikapu kimejaa, shavu la mguu limerudi, na Saru akamruhusu kuruka kidogo, siku moja aruke, siku ya pili apumzike.

Siku ya harusi watu walijaa kijitoni jua likiwa limechomoza vizuri. Ngoma zikalia kwa kasi. Mghoi hakuruka. Alipanda juu ya mwamba uliokuwa pale ukingoni mwa maji, akasimama kwa nusu ya nyayo, akashusha visigino taratibu. Wapiga ngoma wakatazamana. Wanawake nyuma yake, wakidhani ni mtindo mpya, wakatafuta mawe, wakapanda, wakashusha pamoja naye. Ngoma ikalazimika kupungua kasi ili iwafuate, na ilipopungua ikapata uzito ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Bonde zima lilikuwa linapanda na kushuka. Kisha, kidogo kidogo, mwendo ukaongezeka, na Mghoi akaruka.

Aliruka mpaka juu. Kwenye kona ya mwisho alimkuta Saru akimsubiri, amesimama juu ya tuta lake, na wakwe wale wawili wakashusha visigino wakitazamana, wakicheka hadi wakashindwa kupiga vigelegele. Wawuda akapita katikati yao akaelekea kwake, na mlangoni akakuta jiwe jipya, pana, lenye ukingo ulionyooka.

Na tangu siku hiyo, wana wa Kirumbi, hakuna nyumba kwetu isiyo na jiwe mlangoni, na bibi harusi hupelekewa lake kabla ya chungu na kabla ya mkeka. Ngoma ya harusi huanza kwa visigino kushuka polepole, mama wa bibi harusi akiwa mbele. Mpiga ngoma anayeharakisha hutozwa kibuyu cha uji, nao akina mama hukinywa chote, kisha huruka mpaka kileleni.