Kompyuta Ndogo ya Mzee Kisaka

Hapo zamani, tena si mbali, kompyuta zilipokuwa zimeshafika Usangi ila mtandao unashika unapotaka wenyewe, aliishi Mzee Kisaka, mwalimu mstaafu. Kwa miaka sita aliandika maneno ya Kipare kwenye kompyuta mpakato ndogo. Maneno elfu nne, na nakala hana. Siku moja kompyuta ikawaka, ikazunguka, ikazunguka, isifunguke. Mzee akakosa hata hamu ya kula.

Akawaambia watu wa nyumbani kwake, "Nirudishieni maneno yangu. Atakayeifufua kompyuta, ni yake."

Binti yake Nakijwa akajifunga kibwebwe. Siku mbili alishuka mjini kufuata mtandao, akapakua Linux, mfumo wa bure usiohitaji mashine yenye nguvu, akauweka kwenye flashi. Akachomeka. Kompyuta haikuiona kabisa.

Kaka yake Mbonea, fundi simu, akacheka. Akabonyeza kitufe anachokijua yeye, akaingia kwenye mipangilio, akailazimisha mashine ianze na flashi. Linux ikafunguka. Nakijwa akachagua Kiswahili, kwa kumheshimu baba. Mbonea akaanza kuisakinisha ndani ya kompyuta: Endelea, Endelea, Endelea, bila kusoma, kama sisi sote tunavyofanya.

Nyuma yao alisimama Endeni, mke wa kaka yao mkubwa, na beseni la mahindi. Kompyuta hajawahi kuigusa. Kusoma alifundishwa ukubwani na Mzee Kisaka mwenyewe, na tangu hapo hapitwi na neno. Hata pakiti ya chumvi huisoma mpaka mwisho.

"Shemeji, toa mkono," akasema. "Hapo wameandika diski yote itafutwa."

Mbonea akautoa mkono upesi. Wakarudi nyuma, wakanakili maneno yote kwenye flashi nyingine kwanza, ndipo wakasakinisha Linux. Kompyuta ikawaka upesi. Mzee akalia kwa furaha, kisha akakwama na ahadi yake.

Nakijwa akasema bila flashi yake wangekuwa wanatazama kioo hadi leo. Mbonea akasema flashi ilikuwa kipande cha plastiki tu mpaka yeye alipoifungulia njia.

Endeni akatua beseni. "Mimi sikufufua kitu, Baba. Lakini ulianza kwa kuomba maneno, kompyuta ukaitaja baadaye."

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinikwepe kwa kusema waigawane. Je, Mzee Kisaka amkabidhi nani?