Kwa Nini Mvi Huanzia Panjani

Endeleeni kuviringisha nyuzi, msinitolee macho. Nimemwona aliyeficha piko kwenye mkoba, na nimemsikia aliyesema bibi apakwe japo kidogo arudi ujana. Ala! Kaeni niwaambie kwanza weusi wa kichwa hiki umekwenda wapi.

Hapo kale watu walizeeka na nywele zao nyeusi. Mgongo ulipinda, meno yaling'oka, lakini kichwa kilibaki kama siku ya harusi. Na huku kwetu milimani walikuwapo wanawake wa kutia nyuzi rangi, ambao kila msimu waliingia porini kutazama nchi imevaa nini. Masika walichuma majani mabichi, kipupwe kikija na ukungu wakazoa tope jeusi la bondeni, kiangazi walichimba mizizi myekundu, na vuli wakaokota maua ya manjano. Walichemsha, wakachovya nyuzi, wakafuma. Mwiko wao ulikuwa mmoja tu: maji yanayobaki chunguni yarudishwe kumwagwa pale pale rangi ilikotoka, kabla msimu haujaisha. Rangi ya nchi huazimwa, haichukuliwi.

Fundi wao mkubwa aliitwa Nakijwa. Alikuwa na binti mmoja, Nanzia, naye Nanzia alikuwa mjamzito. Msione raha. Nanzia alikwisha kuzika watoto wawili, mmoja masika, mwingine kiangazi. Nakijwa akawaza kwamba kifo huja na msimu wake. Akimfumia mjukuu mbeleko yenye misimu yote, kifo kitafika mlangoni kishindwe kujua kimekuja wakati gani, kiende zake.

Basi kuanzia masika hadi vuli alichuma na kuchemsha, na hakumwaga hata tone.

"Mama Nanzia, chungu hujakirudisha porini?" majirani walimuuliza.

"Nitarudisha," akajibu, akafunika.

Alichovya nyuzi mpaka maji yakabaki hayana kitu, rangi yote imenyweka. Mbeleko ikafumwa. Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Namkunda, akafungwa ndani ya mbeleko ile akalala na kunenepa. Nakijwa alifurahi, jamani, alifurahi mpaka akaogopa kucheka kwa sauti.

Masika yakaingia. Mvua ilinyesha vizuri, majani yakaota, yakaota rangi ya majivu. Maua yakachanua majivu. Ndege walitua na manyoya ya majivu wala hawakuimba, maana hakuna aliyemtambua mwenzake. Adhuhuri moja Nakijwa alitoka nje akakuta ukuta wa nyumba yake umejaa vinyonga. Wote weupe, kuanzia msingi hadi kwenye paa, na hakuna aliyetikisika. Kinyonga asiyekuwa na rangi ya kuiga hana pa kujificha. Jicho moja la kila mmoja lilimtazama yeye. Jingine lilitazama ndani, alikolala mtoto. Mimi hapa nikifika mwili hunisisimka hadi leo.

Nanzia akatoka mbio na mtoto mikononi. "Mama, mshike! Kifuani anaunguza kama kiangazi, mgongoni ana baridi ya kipupwe. Tangu alfajiri hajalia."

Nakijwa akampokea. Nywele za mtoto zilikuwa zimelowa maji ya mvua, na mtoto alikuwa ndani tangu jana. Misimu yote ilikuwa imeingia katika kijimwili kimoja, na haikuwa na njia ya kutokea.

Hakungoja. Aliifumua mbeleko yake mbele ya macho yale yote, akachemsha uzi wa kijani kwa maji ya majivu mpaka rangi ikaachia, akaenda kuimwaga ilikotoka. Vilima vikawa kijani nyuma yake. Akafanya hivyo kwa wekundu, akafanya kwa manjano, na kila chungu kilipomwagwa vinyonga wengine walishuka ukutani wakaondoka. Weusi ndio uliogoma. Weusi ukishashika uzi haubanduki, hata nyinyi mnalijua hilo. Alichemsha mpaka uzi ukakatikakatika, na maji bado maangavu. Kizingitini alibaki kinyonga mmoja, mweupe, na ndani mtoto anahema kwa mbali.

Nakijwa akapiga magoti, akafungua kilemba, akainamisha kichwa mpaka chini.

"Weusi nilio nao ni huu," akasema. "Chukua, niachie mtoto."

Kinyonga akanyanyua mguu, akasita, akautia panjani. Alipokanyaga pakawa peupe. Alitembea kama anavyotembea siku zote, hatua moja na kujiuliza, na Nakijwa alihisi kila ukucha. Aliposhuka upande wa pili alikuwa mweusi tii, akaelekea bondeni. Ndani ya nyumba Namkunda akalia, kilio cha njaa, kilio cha hasira.

Na tangu siku hiyo nchi hujichukulia weusi wake vichwani mwa wenye wajukuu. Mvi huanzia panjani, alipotia mguu wa kwanza, na hazitoki zote kwa mkupuo kwa sababu kinyonga hana haraka. Nasi tunaofuma mbeleko huacha uzi mmoja bila rangi, ili misimu ipate mlango.

Kwa hiyo piko lenu choreeni mikono yenu. Mimi siku nilipouona unywele mweupe wa kwanza, hapa panjani, sikurudi kwenye kioo. Nilikimbilia chumbani kwa mama yenu, aliyekuwa amejifungua juzi yake, nikasimama mlangoni nasikiliza. Kimya. Kisha ukalia wewe, wewe mwenye piko.