Kofia ya Marehemu Kombo

Tulieni kidogo, nina jambo la kuwapa mniamulie.

Bi Salha wa Pangani alijaliwa watoto watatu. Mwanamvua hakuchoka kutafuta. Akikitaka kitu, atakifuata hata shimoni. Shaame alikuwa na jicho lisilopitwa na kitu. Kidawa, kitinda mimba, hakuogopa mashine yoyote yenye vitufe.

Baba yao, Kombo, alifariki wangali wadogo, asiache picha hata moja. Kila mwaka sura yake ilizidi kumponyoka Bi Salha. Jambo hilo alimwambia Mungu tu, hadi siku moja likamtoka mbele ya wanawe.

Mwanamvua akafunga safari. Akapita kwa jamaa, nyumba hadi nyumba, mpaka akaipata kanda ya video ya harusi ya binamu yao, ambako Kombo alipiga dufu, imelala chini ya magunia ya nazi. Fundi akaihamishia kwenye flashi.

Ijumaa alasiri wakaketi mbele ya televisheni mpya, pana kama meza. Akatokea mwanamume akipiga dufu, mnene, mashavu tele. Bi Salha akageuza uso.

"Siye. Kombo alikuwa mwembamba kama ufito. Zimeni."

Mwanamvua alikwisha kunyoosha mkono azime, Shaame akamzuia.

"Mama, litazame dufu. Tangu lini dufu likawa na umbo la yai? Picha imevutwa kwa upana, na mtu kavutwa nayo!"

Kidawa akatwaa rimoti, akaingia kwenye mipangilio, penye umbo la picha. Akachagua kukuza: kioo kikajaa, vichwa vikakatika.

"Mmemkata mume wangu!"

Kidawa akacheka, akajaribu nne kwa tatu, kipimo cha televisheni za zamani. Pande mbili zikaingia weusi, dufu likawa duara, na katikati akasimama Kombo, mwembamba, shingo ndefu, anatabasamu.

Bi Salha akasogea, akakigusa kioo. "Kumbe ulikuwa na kishimo shavuni," akanong'ona. "Nilikwisha kukisahau."

Kisha akaenda sandukuni, akarudi na kofia ya marehemu, ya viua, iliyodariziwa kwa mkono. "Nilijiapia: atakayenirudishia sura yake ndiye atakayeirithi."

"Mpe Kidawa," akasema Shaame, "ndiye aliyemrudishia umbo lake."

"Mpe kaka," akasema Kidawa. "Bila jicho lake tungezima."

"Na bila dada tungetazama nini?" akauliza Shaame.

Mwanamvua akainamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyetaka kuizima."

Bi Salha akabaki na kofia mikononi, akiwatazama mmoja mmoja, na wote anawapenda sawasawa.

Haya, nanyi mnaonisikiliza: ungekuwa wewe Bi Salha, kofia ile ungemvika nani?